Sura ya Saba: Reli Juu ya Meza

Mtoto wa miaka mitatu anaposukuma treni ya mbao, nguvu ya mkono wake haiishii kwenye mabehewa. Sehemu yake hupenya hadi kwenye reli, na reli isiyoshikwa na kitu husogea. Husogea kidogo kila mzunguko, upande ule ule anakoegemea mtoto, mpaka kona inafika ukingoni mwa meza. Hapo kipande kimoja kinachomoka, daraja linaanguka, na nyumba nzima inasikia. Mzazi aliyechoka na kelele hizo huenda dukani kutafuta chupa ya gundi. Sura hii inataka kumzuia kabla hajafungua kizibo.

Wahandisi wa reli za kweli wanalijua tatizo hili kuliko mzazi yeyote. Reli ya chuma nayo hutambaa. Treni nzito zikipita miaka na miaka, zikifunga breki kwenye miteremko, chuma husogea taratibu kuelekea kule unakokwenda mzigo mzito zaidi. Nafasi zilizoachwa kwenye viungo zinaziba upande mmoja na kupanuka upande wa pili. Chuma hicho pia hurefuka kwa joto. Kilomita moja ya reli ikipata joto la nyuzi 30 zaidi, hutaka kurefuka kwa sentimita 35 hivi, na reli iliyolala juani mchana kutwa hupata joto kuliko hewa inayoizunguka. Ukiifunga isipate pa kwenda, inaweza kujikunja pembeni. Kwa hiyo wahandisi wanaishika kwa ukali upande mmoja tu: upana kati ya reli mbili haubadiliki hata kidogo. Kwa urefu, reli za viungo hupewa nafasi. Matundu ya bolti ni makubwa kuliko bolti zenyewe, na njia yote imelazwa juu ya mataruma, mataruma juu ya kokoto, wala kokoto hazijagandishwa na kitu chochote. Kikosi cha mafundi kinaweza kuja kesho, kikainua, kikanyoosha, kikashindilia upya. Njia nyingi za reli duniani bado zimelazwa juu ya kokoto hivyo mpaka leo.

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa reli ni kitu gani. Mji huu na reli ni rika moja: gari moshi liliingia kutoka kusini kupitia Sakania mwaka 1910, mwaka ule ule Elisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, ilipoanza kupimwa mitaa. Baadaye njia ikasonga mbele hadi Bukama mwaka 1918, ikafika Ilebo kwenye mto Kasai mwaka 1928, na mwaka 1931 ikaungana na reli ya Benguela kupitia Dilolo, shaba ikapata njia ya kwenda bandari ya Lobito. Makao makuu ya shirika la reli la taifa, SNCC, bado yako mjini kwetu. Hapa Kasapa, upande wa chuo kikuu, watoto wengi wana babu aliyefanya kazi relini au aliyesomeshwa kwa mshahara wa reli, hata kama wao wenyewe hawajawahi kupanda behewa. Treni wanayoijua vizuri ni ile ya mezani.

Na treni hiyo ya mezani hufika kwa njia zisizonyooka. Chache hununuliwa zikiwa mpya. Nyingi huja ndani ya katoni kutoka kwa shangazi aliyeko Bruxelles au Liège, au katika mafungu ya mitumba, na zikifika huwa zimechanganyika: vipande vya kiwanda hiki na cha kile, vingine vya mbao tupu, vingine vyenye vichwa vya plastiki, kona tatu hapa na tano pale. Kabla ya kuwaza jinsi ya kuzishika, zitandaze sakafuni uone kama zinaingiana. Reli za mbao zinazofuata mfano wa BRIO ya Uswidi, ambayo ilianza kuuza treni zake mwaka 1958, zina upana wa milimita 40 na unene wa milimita 12 hivi, na viwanda vingine vingi vimefuata vipimo hivyo. Hata hivyo kirungu cha kuungia cha kiwanda kimoja kinaweza kukaza ndani ya tundu la kiwanda kingine, au kikalegea kiasi cha kuchomoka kwa kupulizwa tu.

Nchi yetu imewahi kuwa na katoni ya namna hiyo, kubwa zaidi. Reli za kusini mwa Katanga zilijengwa kwa upana wa milimita 1,067, upana ule ule wa Zambia na Afrika Kusini. Reli ya Maziwa Makuu, ile ya Kabalo na Kalemie, ilijengwa kwa upana wa mita moja kamili. Tofauti ya milimita 67 inatosha kabisa kumzuia tajiri yeyote asipitishe behewa. Mwaka 1955 reli ya Maziwa Makuu ilibadilishwa ikawa milimita 1,067, na mwaka 1956 kipande cha Kamina hadi Kabalo kikaziunganisha pande mbili. Kutokana na uamuzi wa aina hiyo, behewa linaloondoka Lubumbashi leo linaweza, kwa upana wa magurudumu yake, kupita Sakania, Ndola na Kapiri Mposhi, likaingia kwenye reli ya TAZARA na kufika Dar es Salaam. Lakini pale Kidatu, reli ya zamani ya Tanzania ya mita moja inapokutana na TAZARA, mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya. Kwa hiyo usione haya kuondoa kipande kisichoingiana na wenzake. Kitengee sanduku lake.

Viungo vikishapatana, hesabu ni rahisi. Kona kubwa za kawaida zina nyuzi 45 kila moja, kwa hiyo nane zinafunga duara. Tia vipande vilivyonyooka viwili vinavyolingana, kila kimoja upande wake, upate umbo la yai, na kuanzia hapo kila unachoongeza upande mmoja lazima kilipwe upande wa pili. Watoto hawalipi. Wanajenga mpaka kona ya mwisho inakosa mwenzake kwa nusu sentimita, kisha wanabana kwa nguvu. Cha ajabu ni kwamba mara nyingi wanafaulu, kwa kuwa tundu la kila kiungo ni kubwa kidogo kuliko kirungu chake, na nafasi hizo ndogo zikijumlishwa kwenye viungo kumi na sita zinatosha kufunika kosa. Ni ile ile nafasi ya matundu ya bolti niliyoitaja juu. Ukigandisha vipande mezani, unaziua nafasi hizo zote kwa siku moja, na kuanzia hapo kosa la milimita tano halina pa kujificha.

Kuna wanaodhani reli ya mbao ni mfano tu wa reli ya chuma, kitu kilichopunguzwa ili kimfae mtoto. Historia inasema kinyume. Georgius Agricola, tabibu aliyeishi kati ya wachimba madini wa Saxony, aliandika kitabu kikubwa cha kazi za migodini kilichochapwa Basel mwaka 1556. Ndani yake mna mchoro wa mkokoteni mdogo unaopita juu ya mbao mbili. Chini yake umechomoza msumari wa chuma unaopita katika ufa kati ya mbao hizo ili mkokoteni usipotee gizani. Hapa hakuna ukingo wa gurudumu unaoshika reli kama kwenye treni za leo. Ni mfereji unaoongoza, jinsi mifereji inavyoongoza magurudumu ya treni ya mtoto. Karibu miaka hamsini baadaye, mwaka 1604, Huntingdon Beaumont alimaliza njia ya mbao ya kuteremshia makaa ya mawe kutoka Strelley hadi Wollaton, karibu na Nottingham. Njia za aina hiyo zilienea Uingereza muda mrefu kabla ya injini ya mvuke kuvuta mabehewa. Reli zake zilishikwa kwenye mataruma kwa vijiti vya mbao vilivyopigwa ndani ya matundu. Reli ikiliwa na magurudumu, kijiti kilitolewa na reli mpya ikawekwa.

Kwa hiyo meza ya mtoto ina ukoo na migodi, jambo ambalo Katanga inapaswa kulipenda. Tena jibu la kijiti, nitakalolirudia baadaye, ni la zamani kuliko gundi ya chupa kwa mamia ya miaka.

Kwanza lakini tuitazame meza yenyewe, kwa sababu Kasapa si Uswidi na hewa yetu ina tabia yake. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua, kama milimita 1,200 kwa mwaka, humwagika karibu yote kati ya Novemba na mwanzo wa Aprili. Kisha mbingu zinafunga, na kufikia Agosti na Septemba hewa imekauka hata midomo inapasuka. Mbao inasikia yote hayo. Kwa urefu wa nyuzi zake haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana, ila kwa upana hutanuka na kusinyaa kila mwaka. Meza ya mbao ngumu zilizounganishwa, yenye upana wa sentimita 80, inaweza kubadilika kwa karibu sentimita nzima kati ya Februari na Septemba ikiwa mbao zake si tulivu. Mulombwa, ambao Watanzania huuita mninga, ni mtulivu kuliko miti mingi ya miombo, na ndiyo sababu mafundi wanaupenda kwa milango na madirisha. Lakini mbao za mulombwa zilizokauka vizuri ni ghali, na fundi mwenye haraka atakupa zilizokatwa juzi. Muulize. Seremala mwaminifu atakwambia waziwazi, kama wa mtaani kwetu alivyoniambia akiugonga ubao kwa kidole: “Papa, hii iko mubichi bado. Rudia mwezi wa kenda.”

Sasa fikiria reli za mbao kutoka Ulaya zilizogandishwa juu ya ubao mbichi wa miombo. Vipande vya reli vimelala kila upande: vingine vinafuata nyuzi za meza, vingine vinazikata. Ukame unapofika, meza inasinyaa chini yake, na reli iliyokatiza upana wa meza haikubali kusinyaa kwa urefu wake. Kitu kimoja lazima kishindwe. Mara nyingi gundi hubanduka ncha moja na kuacha kipande kimeinuka kama mdomo, magurudumu yakigonga hapo kila mzunguko. Gundi ikiwa na nguvu zaidi, ubao wa meza ndio unaopasuka. Kama ni lazima ufunge, basi uso wa meza uwe wa tripleksi yenye unene wa milimita 15 au 18, maana tabaka zake zimepishanishwa na zinazuiana kutembea. Hata bila gundi wala msumari, mimi ningechagua tripleksi kwa meza ya kuchezea, na kumwachia mulombwa heshima ya kuwa miguu.

Njia za kushika reli ni nyingi, na nyingi hazifai. Msumari unapasua ncha ya kipande, pale palipo pembamba kandokando ya tundu, na kichwa chake kikichomoza kinakwaruza vidole. Utepe wa gundi pande mbili unafanya kazi vizuri kwa muda wa mvua moja; vumbi jekundu la Septemba likishaingia chini yake, unabaki ukanda mweusi unaonata kila kitu isipokuwa reli. Skrubu kutoka chini ya meza ni bora, kwa kuwa hazionekani na zinatoka, ila kila skrubu inataka tundu la mwongozo na urefu uliopimwa vizuri: reli ya milimita 12 yenye mfereji juu haina nyama nyingi, na skrubu iliyozidi kwa milimita mbili hutokeza ncha ndani ya mfereji.

Kwa matumizi ya kila siku kuna kitu kimoja kinachozishinda hizi zote, na Kasapa hakikosekani: mpira wa ndani wa baiskeli. Barabara zinazoingia Lubumbashi zimejaa baiskeli zilizobeba magunia ya makaa, na mafundi wa baiskeli wana rundo la mipira iliyotobolewa kiasi cha kutozibika tena. Nunua mmoja, upasue kwa urefu, uoshe unga mweupe ulio ndani, uache ukauke kivulini. Kata vipande vya upana wa vidole viwili, uviweke juu ya meza pale viungo vinapolala, vikikatiza chini ya reli. Usivigandishe kwenye reli zenyewe, kwa sababu vipande vingi vina mifereji pande zote mbili na mtoto huvigeuza. Ukitaka vikae, vipigilie mezani kwa vimisumari vifupi kwenye ncha, nje ya njia. Mpira unashika mbao bila kuinata. Mkono wa mtoto ukisukuma pembeni, reli haiendi, lakini ukivuta juu, inatoka. Reli nyingi za kweli nazo zina kipande cha mpira kati ya chuma na taruma, cha kupunguza mtikisiko na kelele. Mama wa nyumba atakushukuru kwa hilo la kelele kuliko lolote lingine. Kasoro ni moja: mpira mweusi huacha alama kwenye mbao nyeupe. Wanaojali hayo waweke kitambaa cha blanketi kuukuu, kinachoshika kidogo zaidi kuliko ubao mtupu lakini kwa kiasi pungufu sana ya mpira.

Kuna sehemu mpira hautoshi. Reli za kweli zinahitaji kushikwa zaidi kwenye madaraja, kwenye njia panda na kwenye miinuko, na meza ya mtoto ni hivyo hivyo. Mwinuko hasa. Njia kuu za treni za mizigo hujengwa ili zisipande zaidi ya mita moja au mbili kwa kila mita mia, maana gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza upesi. Kipande cha mwinuko cha treni ya mbao kinapanda sentimita tano au sita ndani ya sentimita ishirini na kitu tu. Hakuna dereva wa SNCC angekubali. Treni inapanda kwa sababu mkono unaisukuma, na nguvu ya mkono huo inageuka kuwa msukumo unaoitupa njia mbele. Inaposhuka, inashuka kwa kasi na kulipiga daraja kwa upande. Hapo ndipo vipande vinaanguka, tena mara nyingi miguuni mwa mdogo wa nyumba aliyekaa chini ya meza.

Kwa sehemu hizo tumia vijiti vya Nottingham. Seremala atakuchongea vijiti vya mviringo vyenye kipenyo cha milimita 8, au utavikuta dukani vimeshakatwa. Panga njia kwanza, ucheze nayo siku kadhaa, uone ni sehemu zipi hazibadiliki kamwe. Katika nyumba nyingi ni daraja, stesheni na kona za nje. Kwenye kila sehemu toboa matundu mawili mezani, moja kila upande wa reli, si ndani ya reli. Yawe na kina cha milimita 12 tu kwenye ubao wa milimita 18. Funga utepe kwenye biti ya keekee uwe alama ya pa kusimama. Vijiti vichomoze milimita 10 juu ya meza, chini kidogo ya uso wa reli, ili behewa linalopita kwenye kona lisivigonge. Kati ya kijiti na reli acha nafasi ya milimita moja. Nafasi hiyo inaonekana kama uzembe, lakini reli ya milimita 40 inaweza kunenepa kwa zaidi ya nusu milimita mvua zikikolea, na usipoiacha, Januari utalazimika kuing'oa kwa bisibisi.

Hapa ndipo gundi ina kazi yake halali. Kijiti kigandishwe ndani ya tundu la meza, tena kwa gundi nyeupe ya mbao na kwa ukarimu, kwa sababu kijiti kilichochomoka ni kitu cha kumezwa. Viwango vya kimataifa vya usalama wa vitu vya kuchezea hutumia kopo la kupimia lenye kipenyo cha milimita 31.7: chochote kinachoenea ndani yake hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kijiti chetu kingeenea mara kadhaa. Mkazo mkubwa zaidi uwe kwenye sumaku zinazounganisha mabehewa. Sumaku moja ikimezwa huenda ikapita. Mbili zikimezwa kwa nyakati tofauti hutafutana kupitia kuta za utumbo na kuzitoboa. Behewa la mtumba ambalo sumaku yake inacheza kwenye tundu lake liondolewe mezani leo hii, na ikiwa mtoto ameshameza, mpeleke hospitali bila kusubiri maumivu yaanze.

Na neno moja kuhusu mbao za meza. Mara kwa mara mtu hujitokeza akiuza mataruma ya zamani ya mbao, mazito na ya bei nzuri. Yanavutia, hasa kwa meza ya treni. Yaache. Mataruma ya mbao hulowekwa kreosoti ili mchwa na kuvu wasiyaguse, na kreosoti ina kemikali zinazosababisha saratani; harufu ile ya lami haitoki hata baada ya miaka mingi juani. Kwa sababu ya mchwa hao hao, reli nyingi za Afrika zilichagua mataruma ya chuma tangu mwanzo. Rangi nayo ichunguzwe: rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na risasi, na watoto wa mji wa machimbo wana vumbi la metali la kutosha tayari bila kuongezewa. Nta ya nyuki inatosha kulinda uso wa meza.

Vipimo vya meza havina siri kubwa. Mkono wa mtoto wa miaka minne haufiki mbali zaidi ya sentimita 45 hivi akisimama, kwa hiyo meza inayofikiwa pande mbili isizidi upana wa sentimita 90, na ikiwa imeegemea ukuta iwe nusu ya hapo. Urefu wa miguu ufike kiunoni mwake au chini kidogo. Kisha ukingo: kipande cha mbao kinachozunguka meza yote, kikiinuka sentimita tatu juu ya uso wake. Ukingo huo ndio kifungo cha bei nafuu kuliko vyote. Hata kama kila kitu kingine kimeshindwa, reli itatambaa mpaka kwenye ukingo na kukomea hapo.

Viungo vyenyewe vinahitaji matunzo kidogo. Masika vinakaza, maana kirungu kinavimba ndani ya tundu, na mtoto anayevuta kwa hasira anaweza kukivunja shingo. Paka nta ya mshumaa kwenye shingo ya kirungu. Kikizidi kukaza, pitisha msasa laini mara mbili tatu, usizidi, kwa kuwa kiangazi kitakuja na kulegeza kila kitu tena. Kirungu kilichovunjika kinatengenezeka: toboa ncha ya reli, ingiza kijiti kipya chenye kichwa kilichochongwa, na fundi wa mlango wa jirani ataifanya kazi hiyo akisubiri gundi ya kabati ikauke.

Kuna mahali pamoja ningekubali reli zifungwe moja kwa moja. Kwenye chekechea yenye watoto thelathini na meza moja, au chumba cha kungojea cha daktari, vipande vilivyo huru hupotea ndani ya wiki na vidogo huishia mifukoni. Hapo tumia tripleksi, tumia skrubu kutoka chini, na fanya njia moja iliyo nzuri: duara la nje, kitanzi cha ndani, njia panda mbili. Watoto wa mahali hapo wanakuja kusukuma treni kwa dakika kumi na kuondoka. Ukilinganisha na nyumbani, ni mchezo mwingine kabisa.

Nyumbani kazi kubwa ni kujenga. Mtoto anayebana kona ya mwisho mpaka ikubali anajifunza kwa vidole vyake kile ambacho mwalimu wa hesabu atahangaika nacho baada ya miaka minane: kwamba nyuzi zinajumlishwa, kwamba upande mmoja unadaiwa na mwingine. Anajifunza pia kwamba daraja halina budi kuwa na miguu miwili ya urefu sawa. Nimewaona wazazi wakijenga njia ya kupendeza kwa usiku mzima, wakaigandisha, wakaipaka rangi ya majani, na mtoto akaichezea kwa wiki moja kisha akarudia magari ya waya tuliyoyazungumzia katika sura ya tano. Hakuwa na utovu wa shukrani. Njia ile ilikuwa imeshamalizwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo ukiwa na meza Kasapa na katoni ya reli zilizochanganyika, tripleksi iwe juu, ukingo pembeni, mpira wa baiskeli chini ya viungo, na jozi nne au tano za vijiti pale njia isipobadilika. Gundi itumike kwenye vijiti na kwenye miguu ya meza. Kwenye reli yenyewe usiweke hata tone.